Amekoroga chai kwa kalamu yangu, halafu ananiambia "tutawatumia video"!!!

Wakuu, naandika mikono ikitetemeka, na mikono ndiyo mtaji wangu, maana miguu polio iliichukua kabla sijajua kusema mama.

Nimetoka sasa hivi ofisini kwa yule kiongozi wetu wa michezo. Simtaji. Mnamjua. Yule wa tai ya rangi ya embe dodo, anayejivisha medali za watu akipigwa picha hadi unadhani yeye ndiye aliyelala kwenye benchi. Ofisi ya kutuhudumia sisi wenye ulemavu iko ghorofa ya tatu, na lifti ilikufa Nuhu akiwa bado anapanga mbao. Ngazi 52. Nimezihesabu kwa makalio, moja baada ya nyingine, magongo nimeyafunga mgongoni kama kuni.

Nafika juu jasho tupu. Nauliza faili langu limefikia wapi: nakala ya pasipoti, picha, fomu ya leseni, ripoti ya daktari. Nilimkabidhi mkononi miezi mitatu iliyopita. Ananijibu usajili wa shindano umefungwa jana. JANA! Kutupa jicho mezani, bahasha yangu ya kaki hiyo hapo, imekaliwa na chupa ya chai. Ina duara la kahawia katikati kama muhuri wa serikali.

Sijapata la kusema, akachukua kalamu yangu niliyokuwa nimeitoa nijazie fomu nyingine, akaitumbukiza kwenye kikombe, akakoroga. Akailamba. Akasema, "Usijali mdogo wangu, hii dunia ya kidijitali. Jirekodi ukinyanyua, waandaaji tutawatumia video."

Tutawatumia video.

Na kalamu mdomoni.

Kwa msiojua, mchezo wetu wa kunyanyua uzito kwa wenye ulemavu ni kulala kwenye benchi na kusukuma chuma juu, hakuna mtindo mwingine. Lakini kilo unazopiga gym ya mtaani, hata ziwe 500 na mashahidi wawe kijiji kizima, hazihesabiwi. Zinahesabiwa zile tu ulizonyanyua kwenye shindano linalotambuliwa, una leseni ya mwaka huo, umeshapimwa ulemavu wako na wapimaji wao, waamuzi watatu wamekaa, umepanda mizani. Huko ndiko unakopata namba kwenye orodha ya dunia. Paralimpiki ya Paris 2024 walichukua wanane wa juu kwa kila uzito, na nchi moja mtu mmoja tu kwa kila uzito. Tena ilikuwa lazima uwe umeonekana kwenye ubingwa wa dunia wa Dubai 2023. Aliyekosa Dubai aliiaga Paris mwaka mzima kabla, hata kama angerudi kunyanyua trekta la Massey Ferguson na dereva wake juu.

Sasa nimekosa shindano langu kwa sababu ya chupa ya chai! Najua mtasema kuna ule mwaliko maalumu kwa nchi zisizo na wanamichezo wengi. Upo. Lakini huwezi kujiombea mwenyewe kama nafasi ya kuazima kiti harusini, jina lako lazima lipelekwe juu. Na kwetu anayeanza kulipeleka ni nani? Yeye. Kwa kalamu ipi? YANGU, ILIYOJAA CHAI!

Ameilamba wakuu. Kisha akanirudishia.

#2 Kisiki Cha Mpingo
Uzi mrefu kama foleni ya Mbagala. Fupisha, tunasomea kwenye daladala.

#3 Bintiye Mzaramo
Swali la msingi: alikoroga kwa upande wa wino au upande wa kifuniko?

#4 Mleta mada
@Bintiye Mzaramo upande wa wino dada. Chai ilikuwa ya maziwa. Kalamu sasa hivi haiandiki, inatoa povu.

#5 Bintiye Mzaramo
Basi mmetoka sare. Na yeye amekunywa wino.

#6 Pwagu wa Temeke
Hii chai, na kweli kuna chai ndani yake. Leta picha ya bahasha.

#7 Gurudumu Bovu
Nyie mnacheka, mimi namjua huyo wa tai ya embe. Sisi wa kikapu cha viti vya magurudumu alituletea mipira ya watoto ya ufukweni, ile yenye picha ya pomboo. Tukamuuliza, akasema "mpira ni mpira." Mleta mada shukuru kalamu yako imerudi, sisi pampu yetu ya matairi tuliiona kwenye pikipiki ya mwanawe.

#8 Macho ya Moyo
Pampu? Mimi sioni kabisa, nakimbia na kiongozi wangu tumefungana kamba. Safari ilipofika kiongozi wangu akaachwa, akapelekwa shemeji yake huyo bwana. Shemeji ana kitambi. Mita 400 nilimvuta kama mbuzi wa Idi anayegoma kushuka kwenye lori.

#9 Kisiki Cha Mpingo
😂😂😂 @Macho ya Moyo fungua uzi wako, huu wa kalamu hauna nguvu.

#10 Mtetezi Asiyelipwa
Mimi kidogo niko na mheshimiwa. Siku hizi watu wanaoa kwa video, video ya kunyanyua ina shida gani? Povu lote hili la nini?

#11 Chuma Hakina Shemeji
@Mtetezi Asiyelipwa umewahi hata kuuona mchezo wenyewe? Ukiitwa jina una dakika mbili tu. Unapokea chuma mikono imenyooka, unasubiri amri. Unashusha hadi kifuani, kinatulia kabisa, hakuna kudundisha. Unasukuma, mikono yote miwili inapanda pamoja na viwiko vinafunga pamoja. Kimoja kikichelewa kidogo tu, taa nyekundu. Taa nyeupe mbili kati ya tatu ndiyo umepona. Video ya simu ya mpwa wako anayecheka nyuma itaonyesha hayo? Na hivyo vyuma nani alivipima? Gym yetu kuna kilo 20 ambayo ni jiwe la kusagia.

#12 Pwagu wa Temeke
Eti ni kweli waliokatwa miguu wanaongezewa uzito kwenye mizani? Mguu ambao haupo unapimwaje?

#13 Chuma Hakina Shemeji
Kweli. Kuna nyongeza kulingana na ulipokatwa, ili asijikute anashindana na watu wadogo kuliko yeye. Madaraja ni kumi wanaume na kumi wanawake, yanagawanywa kwa uzito wa mwili tu. Mwenye polio, aliyekatwa mguu na mtu mfupi wa kimo wote wanapanda benchi moja.

#14 Pwagu wa Temeke
Kumbe nilipe nauli ya daladala kwa mguu mmoja pia.

#15 Mzee Kilo
Kijana mleta mada. Siamand Rahman wa Iran alisukuma kilo 310 Rio mwaka 2016. Mungu amrehemu, alifariki 2020. Folashade Oluwafemiayo wa Nigeria kasukuma 167 Paris, akaweka rekodi ya dunia. Mama mzima! Wewe unasukuma ngapi hata tukuonee huruma?

#16 Mleta mada
Shikamoo mzee. 131, niko uzito wa 54.

#17 Mzee Kilo
Marahaba. 131 kwenye shindano au kwa jiwe la kusagia?

#18 Mleta mada
...

#19 Kisiki Cha Mpingo
Amekufa huyo. Mods fungeni uzi.

#20 Jirani wa Namanga
Poleni majirani. Nipo upande wa Kenya, Hellen Wawira alituletea shaba Birmingham 2022. Ile michezo ya Jumuiya ya Madola wanaunganisha madaraja, wepesi upande mmoja, wazito upande mwingine, halafu wanapiga pointi kwa kuangalia uzito wa mwili wako. Kwa hiyo kamtu kadogo kanaweza kumfunika mkubwa. Lakini huku pia chai tunakunywa, msidhani. Mimi fomu yangu iligeuzwa orodha ya kununua unga.

#21 Mleta mada
@Jirani wa Namanga angalau ilitumika kama karatasi! Wakuu turudi kwenye hoja. AMEILAMBA. Alikuwa na kijiko! Kijiko kilikuwa ndani ya bakuli la sukari, nimekiona kwa macho yangu haya!

#22 Bintiye Mzaramo
Hapo sasa nakuelewa. Kama kijiko kilikuwepo, hiyo ni dharau.

#23 Macho ya Moyo
Mimi kamba ilikatika kwenye kona, shemeji akabaki anapunga mkono jukwaani, nikamaliza mbio kwenye shimo la mruko wa mbali. Lakini haya, endeleeni na kijiko.

#24 Mama Lishe wa Buguruni
Habari za humu. Nimeona mnaongelea mizani. Yule muuza nyama wa kona ya pale sokoni, mnamjua, amenipimia kilo tatu asubuhi hii, nimefika nyumbani ni mbili na robo. Na robo yenyewe mfupa.

#25 Gurudumu Bovu
HUYO HUYO! Anaweka kidole gumba kwenye mizani. Mimi nipo chini kwenye kiti cha magurudumu, kidole nakiona kwa upande wa chini.

#26 Mzee Kilo
Mizani ya saa haifai. Dai ile ya mawe.

#27 Kisiki Cha Mpingo
Mawe yenyewe yametobolewa chini mzee, yakazibwa kwa nta. Nina ushahidi, leo nafungua uzi.

#28 Mama Lishe wa Buguruni
Nitag mwanangu.

#29 Mleta mada
Wakuu, kalamu

#30 Pwagu wa Temeke
@Mama Lishe wa Buguruni maini anauza bei gani pale?