Kompyuta ziko meza moja, gemu linadai seva ya mbali. Huu ni wizi!

Wakuu, nimechoka na huu upuuzi na leo nausema.

Kompyuta mbili, meza moja. Kebo inatoka hii inaingia ile. Anwani za mtandao (IP) nimeweka kwa mkono, 192.168.1.2 na 192.168.1.3, nikapima mawasiliano kwa amri ya ping, majibu yanarudi chini ya milisekunde moja. Nafungua gemu la zamani lililotolewa upya, nimelilipia kwa pesa yangu, naambiwa imeshindikana kuunganisha na seva, yaani kompyuta ya kampuni iliyo mbali. Seva gani? Ninayecheza naye namgusa kwa kiwiko!

Kinachoniuma zaidi ni kwamba toleo la kwanza la gemu hilohilo lilikuwa na LAN, yaani kucheza kwa mtandao wa ndani bila intaneti, kwenye menyu. Leo wameling'arisha picha, wameliongezea bei, LAN wameing'oa. Halafu wanaliita toleo bora.

Na hakuna atakayeniambia ni jambo gumu kiufundi. Doom ya 1993 ilichezesha watu wanne kwenye mtandao wa ndani. StarCraft ya 1998 ilikuruhusu kuweka nakala za ziada kwenye kompyuta za wenzako kwa diski moja ili mcheze pamoja. Diablo II ya 2000, unaandika IP ya mwenzako, mnaingia, basi. Halafu ikaja StarCraft II mwaka 2010 bila LAN. Diablo II: Resurrected ya 2021 nayo ikaondolewa TCP/IP, yaani njia hiyo ya kuingia kwa IP ya mwenzako, tukaambiwa ni kwa ajili ya usalama wa wachezaji.

Usalama wa nani? Kebo yangu haijatoka nje ya chumba. Weka onyo, weka kisanduku cha kukubali hatari, mimi nitakibonyeza. Na ile hoja nyingine ya kuzuia wezi wa magemu ndiyo inanichefua kabisa, maana mwenye nakala ya wizi anavunja ulinzi na kucheza, na mimi niliyelipa ndiye nabaki nje ya mlango.

Diski za zamani nazo zina matatizo yake, najua. Gemu la Red Alert 2 linatumia IPX, lugha ya zamani ya kompyuta kuongea mtandaoni, na Windows iliacha IPX tangu Vista. Magemu ya diski zenye SafeDisc, ulinzi wa kuzuia kunakili, hayafunguki kwenye Windows 10. Lakini hayo ni uzee wa teknolojia na yana dawa: kwa IPX kuna programu ndogo ya IPXWrapper, unaweka faili zake ndani ya folda ya gemu, unaruhusu gemu kwenye faiwoli, unazima adapta za mtandao zisizohusika, mnaonana. Sina ugomvi na uzee. Ugomvi wangu ni na mtu aliyekaa akaamua kukata kitu kinachofanya kazi.

Angalieni kilichotokea GameSpy, huduma iliyounganisha wachezaji wa magemu mengi kwa intaneti, ilipofungwa 2014. Magemu mengi yalipoteza uchezaji wa intaneti kwa mpigo, ila yenye LAN yakaendelea kuchezeka nyumbani kama kawaida. Gemu la magari la The Crew halikuwa na bahati hiyo: seva zilizimwa mwaka 2024 na hata anayecheza peke yake akakosa gemu. Ulinunua nini hapo? Ulikodi bila kuambiwa unakodi!

Tunachodai ni kidogo sana. Acheni LAN kwenye menyu. Mkizima seva, toeni programu ndogo ya seva tuiendeshe wenyewe. id Software, waliotengeneza Doom, waliachia hadharani msimbo wa Doom 1997 na wa Quake 1999, na mpaka leo watu wanayacheza kwenye mtandao wa ndani bila kumwomba mtu ruhusa. Kampuni haikufa kwa hilo.

Sasa wakuu, tukusanye hapahapa magemu ambayo LAN yake bado ni LAN ya kweli. Taja gemu, mwaka, toleo ulilojaribu, na kama linafunguka kebo ya intaneti ikiwa imechomolewa. Linalotaka uingie kwenye akaunti kwanza ndipo likuonyeshe menyu ya LAN, usililete.