Mrejesho: baiskeli au kutembezwa Mji Mkongwe?

Habari zenu wakuu. Mtakumbuka niliwauliza kama nikodi baiskeli au nichukue mtembezaji Unguja, nikiwa na mama mkwe na siku moja tu mkononi. Tumerudi salama, nikaona nisile kimya.

Asubuhi tulitembea kwa miguu na kijana mwenye kitambulisho cha kazi. Pale Mkunazini, kwenye kanisa lililojengwa penye soko la watumwa lililofungwa 1873, mama aliinama kuingia chumba cha chini, dari inagusa kilemba. Alitoka kimya, akaomba maji. Peke yetu tungepiga picha na kupita. Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu la masultani, tuliitazama kwa nje tu. Sehemu yake iliporomoka Desemba 2020.

Mchana mama akalala, nikakodi baiskeli. Aliyeniambia nikague breki kabla ya kulipa, Mungu ambariki: ya kwanza, breki ya nyuma ilikuwa pambo! Nikabadilishiwa, ingawa mwenyewe alinuna. Kwenye vichochoro utaisukuma tu, msijidanganye. Nilishika njia ya Bububu, daladala zikinibana kweli, hadi magofu ya Maruhubi, kasri la Sultani Barghash lililoungua 1899. Nguzo nene zimesimama hazina cha kubeba. Nilikaa pale karibu saa nzima.

Jioni bustani ya Forodhani, kwenye vyakula. Mama alimaliza urojo wake, akauhamia wangu. Ameshauliza tunarudi lini, ila baiskeli hataki hata kuisikia.