"Arsenal is" au "Arsenal are"? Mtoto kakatwa alama

Mama Rehema: Mwanangu wa kidato cha pili kaandika kwenye insha "Arsenal are my favourite team". Mwalimu kamwekea kosa, eti timu ni moja, aandike "is". Mbona watangazaji wa Uingereza kila siku nawasikia wakisema "Arsenal are"?

Kipanga: Mwingereza akitaja timu anawaona wachezaji, anatumia wingi. Mmarekani anaiona klabu: "Chicago is". Ila hata kwao, jina likiwa la wingi, wingi unabaki: "the Bulls are". Shule zetu zinafuata Kiingereza cha Uingereza, mtoto kaonewa. Mbona sisi tunasema "Yanga wamefungwa"?

Mwananchi wa Jangwani: Mifano yote hiyo, umeona Yanga kufungwa tu? Ungesema Simba wamefungwa na Berkane ya Morocco, fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2025.

Mnyama Damu: Na nyie fainali ya kombe hilohilo 2023, na USM Alger ya Algeria? Kombe liko wapi?

Mwananchi wa Jangwani: Tuliwafunga 1-0 kwao Algiers! Ni bao la ugenini tu lilitunyima. Nyie mlimfunga nani kwenye hiyo fainali?

Mhariri Mstaafu: Hebu tulieni, Simba ndiyo inayosumbua kuandika. "Simba ameshinda", nimemwona mnyama. Mimi klabu ikisajili naandika "imesajili", wakiingia uwanjani "wamefunga". Vijana wa siku hizi wanachanganya zote kwenye aya moja, inaniuma sana.

Mnyama Damu: Angalau Simba ni Kiswahili. Jina la Sunderland tuliliacha 1971. Nyie mpaka leo Young Africans.

Mwananchi wa Jangwani: Yanga 1935, Simba 1936. Mlimegeka kwetu, halafu mtufundishe majina?

Mama Rehema: Jamani, na alama za mwanangu?

Kipanga: Dada, cha kuangalia ni kama hakuchanganya. Ukianza na "are", unaendelea na "they". Ukirukia "it", hapo mwalimu ana haki.

Mama Rehema: Kaandika "they" mpaka mwisho.

Kipanga: Basi nenda na daftari, uongee naye kwa heshima. Alama zirudi.

Mnyama Damu: Huyo aliyesema tulimegeka bado yupo? Babu yangu alikuwepo Msimbazi, njoo nikueleze.

Mhariri Mstaafu: Andika "klabu ilimegeka", kijana.

Mwananchi wa Jangwani: Umeona? Hata mzee kakubali.