Goti la bandia la mama limelegea, naomba ushauri kabla ya kurudia oparesheni

Habari zenu wakuu, wakubwa shikamooni. Mama yangu ana miaka 68, aliwekewa goti la bandia 2019 akawa anatembea fresh hadi sokoni, ila siku hizi maumivu yamerudi, linavimba na hata usiku kalala linamuuma tu. Eksirei inaonyesha chuma kimeanza kulegea kwenye mfupa. Dawa za maumivu na fizio tumejaribu, hola. Sukari anayo pia.

Daktari wa kwanza anasema abadilishiwe kwa oparesheni moja basi. Wa pili (huyu ndo kanichanganya, japo naona anaongea point) anataka kwanza wavute maji ya goti wapime bakteria, na antibayotiki asiguse mpaka majibu yatoke, maana ikiwa ni infeksheni huenda wakatoa goti lote wakaweka simenti yenye dawa wiki kadhaa, ndo baadaye waweke jipya.

Sasa kuna ambaye mzazi wake kapitia hiyo ya awamu mbili, kile kipindi cha katikati alikuwa anatembeaje, na chooni je? Na bima kwenye oparesheni ya kurudia inalipia kifaa kipya au ni mfukoni?