Mtoto anaandamwa kwenye simu, Dawati wamemrudisha bibi yake

Mama Chumbageni, Leicester
Assalaam aleykum wana Tanga. Binti yangu wa miaka 15 yuko kwa mama, Chumbageni. Kuna mtu anamwandama WhatsApp. Akifungiwa namba moja anakuja na nyingine. Juzi kamwandikia: "Ushungi wa bluu umekupendeza. Mbona leo umepita njia ya nyuma?" Kumbe mtoto alishabadilisha njia ya tuisheni bila kumwambia mtu. Mama kaenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, kaambiwa mzazi afike mwenyewe. Siwezi kutoka, ombi langu la ukaazi bado liko Home Office, wizara ya uhamiaji ya hapa Uingereza. Je, nimwandikie mama hati ya uwakili au barua ya mwenyekiti wa mtaa inatosha?

Baba Makorora, Birmingham
Pole sana dada. Kwanza mnyang'anyeni simu.

Mama Pacha, Milton Keynes
Kaka, hapo hapana. Ukimnyang'anya simu, kesho hasemi tena. Mwanangu wa kiume (maana wengi wanadhani ni wasichana tu) alikuwa akiniona anageuza simu kifudifudi, chakula hali, meseji ikiingia anashtuka. Jamaa alikuwa na picha yake, anadai hela. Nilikaa naye kitandani nikamwambia sikugombezi, nionyeshe. Tukapiga skrinishoti zote, namba, tarehe na saa zionekane, ndipo tukamfungia. Hela hatukutoa. Picha tuliripoti Report Remove, huduma ya hapa Uingereza ya kuondoa picha za watoto mtandaoni, ya mashirika ya Childline na IWF. Kwa aliyeko Tanga ipo Take It Down, huduma kama hiyo, ni ya picha zilizopigwa mtu akiwa chini ya miaka 18, na picha yenyewe haitoki kwenye simu, inatumwa alama yake ya kidijitali tu. Dada, meseji hata moja isifutwe.

Kijana wa Usagara, Reading
Bibi apige 116, bure kabisa.

Mama Pacha
116 ni huduma ya simu kwa mtoto, mdogo wangu. Wanasikiliza na kuelekeza. Jalada linafunguliwa polisi.

Mzee Raskazone, London
Wanangu, sheria ipo. Kifungu cha 23, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kinakataza kumsumbua au kumtisha mtu mtandaoni: faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Bibi asiondoke kituoni bila RB, ile namba ya kuonyesha ameripoti. Laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole, wakitaka kumpata watampata.

Baba Makorora
Shikamoo mzee. Kwa heshima, RB si jalada. Watu wana RB zimechakaa kwenye pochi. Na laini mtu anasajili kwa NIDA, kitambulisho cha taifa, ya mwingine. Shangazi yangu kapiga *106# kuangalia namba zilizosajiliwa kwa NIDA yake, kakuta asizozijua. Sheria hiyo hiyo mwaka 2016 ilimtia hatiani mtu wa Arusha kwa kumtukana Rais Facebook. Mbona huko upesi, na mtoto wa shule bibi yake anarudishwa mlangoni?

Msimamizi
Siasa tuziache, tafadhali.

Kijana wa Usagara
Si siasa, kaka. Inauma.

Bi Ngamiani, Cardiff
Mimi nimelia. Zile barabara za namba tulizokulia, kijana mgeni akisimama kona mara mbili, wazee wa barazani wanamwita: wewe wa nani, unamngoja nani? Huyu wa sasa anasimama kona ileile, macho kwenye simu, hakuna anayemuuliza. Natamani niwe nyumbani, nimchukue huyo mtoto mkono.

Mama Chumbageni
Ahsanteni. Meseji zote zipo, nimemwambia asifute. Mama anarudi kituoni Jumatatu. Hiyo hati ya uwakili, kuna aliyeifanya?

Mzee Raskazone
Ya kiwanja niliwahi, ubalozini. Ya mtoto sijui.

Baba Makorora
Dada, mdogo wangu ana bajaji, mama yako anamjua tangu utoto. Kuanzia kesho atampeleka mtoto tuisheni na kumrudisha. Mwalimu wa tuisheni naye aambiwe, asimtoe mtoto kwa mtu yeyote mwingine.