Mtu aliyetekwa na kuogelea unamjuaje? Leteni dalili zenu

Mwana wa Maji, Ntinda
Habari zenu jamani. Nauliza kwa roho safi kabisa, mtu aliyetekwa na kuogelea unamjua kwa dalili gani? Sisemi yule anaenda hotelini siku ya Idi kupiga picha kwenye ngazi za bwawa alafu anarudi nywele kavu, nasema yule akikosa maji siku mbili nyumba nzima inajua. Mi nina zangu. Nikialikwa harusi hotelini, kabla sijamuona bibi harusi nishaliona bwawa, nishajua lina urefu gani, upande wenye kina ni upi, na kama kuta zimenyooka mtu aweze kujisukuma akigeuka. Yale mabwawa yamepinda kama harage yananiuma roho kweli, utapigaje fristaili mle, ile ya kutupa mkono mmoja mmoja? Na kwenye taksi tukikwama Jinja Road hapa Kampala unakuta nishaanza kupumua kwa hesabu, mikono mitatu pumua kulia, mitatu pumua kushoto, mke wangu ameshazoea ata haulizi. Sasa nataka za kwenu.

Dada Dredi
Kaka, mwanamke muogeleaji mtafute bafuni. Kondishona inaisha kuliko sabuni. Kabla ya kuingia bwawani analoweka nywele kwanza kwa maji ya bomba, kwa sababu nywele zikishashiba maji safi hazinywi klorini nyingi, anapaka kondishona, ndo anavaa kofia, na yote hayo yamekwisha saa kumi na mbili asubuhi na saa mbili yuko ofisini. Huyo ni wetu.
Na ukitaka kujua mtu ana mapenzi ya kweli mguse kwenye kofia! Sisi wenye dredi zile kofia za kawaida zinachomoka zenyewe, kwa hiyo 2021 kabla ya Olimpiki ya Tokyo, FINA, wale wakubwa wa kuogelea duniani, walipokataa zile kofia kubwa za Soul Cap za nywele nyingi kama zetu, mi chakula hakikupita, majirani wakaja kuuliza kama kuna msiba. 2022 wakaziruhusu. Siku hiyo ofisi nzima ilikula rolex, zile chapati za kuviringishwa, za mayai mawili kwa pesa yangu na kila mtu alipewa hotuba fupi kuhusu kofia.

Mzee wa Puli, Entebbe
Wanangu nimefundisha watoto kuogelea miaka mingi, acheni niongeze. Muogeleaji wa kweli ni mkali kwenye shawa. Akiona mtu anatoka jua kali na jasho lake anaruka moja kwa moja majini, anamsimamisha, awe mgeni awe mheshimiwa. Watu wanasema bwawa likinuka sana limetiwa klorini nyingi, sio hivyo, klorini ikikutana na jasho na mkojo inatengeneza kloramini, na hiyo ndo inanuka na kuwasha macho. Bwawa safi halinuki sana. Kwa hiyo mtu wetu akifika anavuta pumzi getini tu, akikunja uso ujue anarudi nyumbani.
Dalili nyingine, anaishi karibu na Ziwa Victoria, analiona kila asubuhi, analipenda, na bado anapanda boda kwenda kulipia bwawa. Kwa sababu ya kichocho. Vile vijidudu vinatoka kwa konokono wa ukingoni vinapenya kwenye ngozi yako bila wewe kusikia chochote. Waliokwisha ogelea humo nawaomba sana mkapime, mwambieni daktari mliingia lini, maana dawa yake, prazikwanteli, inaua minyoo iliyokomaa lakini ile michanga inaweza kubaki na dozi ikahitajika tena baada ya wiki kadhaa. Hili naomba mlichukue kwa uzito hata kama tunacheka.

Mama Kasa
Shikamoo Mzee, asante kwa hilo la kichocho.
Mi naleta za binti yangu. Supamaketi hatembei popote ila juu ya mstari mweusi wa vigae, na akifika ukutani anageuka. Mwalimu akiuliza 1,500 gawanya kwa 25 anajibu 60 kabla chaki haijashuka, maana ndo mara anazokata bwawa letu la mita 25. Soko la Owino akichagua nguo ya kuogelea haangalii rangi, anavuta lastiki na kuikagua kwenye mwanga kwa sababu klorini inakula lastiki, wauzaji wanamwita inspekta. Na njaa yake banange! Akitoka majini posho, yaani ugali, ya watu wawili inakwenda na bado anauliza gonja, ile ndizi ya kuchoma, iko wapi.
Ila siku nilijua imefika moyoni ni Olimpiki ya Paris 2024. Gloria Muzito wetu wa Uganda alipoingia majini kwenye mita 100 fristaili mtoto alisimama juu ya kochi ameshavaa kofia na miwani yake, sebuleni, nguo za shule! Jesse Ssengonzi, naye wetu, alipoogelea bataflai mita 100, ile ya kurusha mikono yote miwili pamoja, tukavunja glasi mbili kwa ile mikono. Na kule nyuma, Tokyo, Kirabo Namutebi alipobeba bendera yetu pamoja na Shadiri Bwogi wa ngumi, mi mwenyewe nililia. Muogeleaji, mbele ya Uganda nzima! Watoto wetu wanahitaji kuona vitu kama hivyo.

Radi Kabale
Yote ni kweli ila mmesahau mawingu. Mtu wetu anajua hali ya hewa kuliko redio, sababu upande huo wenu wa ziwa radi ni nyingi na ukisikia ngurumo unatoka majini, unasubiri nusu saa toka ngurumo ya mwisho. Utamuona amejifunga taulo chini ya paa, kila mtu amekwenda zake, yeye anaangalia saa, dakika ya ishirini na nane ikipiga ngurumo nyingine anaanza upya kuhesabu na haondoki.
Huku kwetu Kabale tuna Ziwa Bunyonyi, mko na haki ya kutuonea wivu. Iko juu zaidi ya mita 1,900, maji yana baridi ya kukata maneno, na dalili ya mwendawazimu wetu ni kwamba anaingia alfajiri ukungu haujatoka alafu anakwambia leo maji ni vuguvugu. Ni ziwa lenye kina kirefu lakini, usiende peke yako, chukua mtu na mtumbwi akufuate.

Mwana wa Maji, Ntinda
Radi Kabale, mtumbwi unakodishwa bei gani siku hizi? Mama Kasa, mlete binti, Dada Dredi na wewe kofia ipo. Mzee tunakuomba uje uwe kocha wetu, shawa tutaoga wote.