Siku za mwisho Peloponnese na gari la kukodi, tulale wapi?

Wakuu habari, niko Areopoli huku Mani, kusini mwa rasi ya Peloponnese, Ugiriki, na mke wangu, ndege yetu inaondoka Athens keshokutwa jioni. Kesho tunapita Monemvasia, ule mji wa kale wenye ukuta, halafu tusogee karibu na Athens, mnashauri tulale wapi?

Jibu: Nafplio mkuu, bila kuwaza. Toka pale hadi eapoti ni kama masaa mawili. Monemvasia gari mnaliacha nje ya geti, ndani ni vichochoro vya mawe tu, huku ukuta wa mwamba huku bahari chini yako, yaani msipaharakishe kabisa.

Jibu: Nafplio naunga mkono. Ila kutoka Monemvasia pitieni Sparti mkaingie haiwei pale Tripoli, ile njia ya milimani ya Kosmas kushukia Leonidio ni nzuri mno lakini kona tupu, giza likiwakuta mtajuta. Na jazeni mafuta mapema, sheli za vijijini nyingine jioni zimeshafungwa.

Muuliza swali: Asanteni sana, basi Nafplio. Asubuhi ya mwisho tukiwa na muda kidogo?

Jibu: Mycenae, yale magofu ya mji wa kale, mkaone Lango la Simba, iko karibu tu. Halafu njiani simameni mfereji wa Corinth, wa tangu 1893, mchungulie toka darajani.